Dalali wa Kazi na Amana Yake

Kijana mmoja wa mtaani petu alitujia mwezi uliopita baada ya sala ya Isha, simu yake mkononi, akatuonyesha hesabu yake. Kwa muda wa miezi saba alikuwa amepeleka maombi ya kazi 112, yote kwa njia ya mtandao. Majibu aliyoyapata yalikuwa manne, na katika manne hayo matatu yalikuwa ya mashine, yakimshukuru kwa kuomba na kumtakia kheri. Kijana huyu ana stashahada ya uhasibu, ana adabu zake, na wazazi wake waliuza kiwanja ili asome. Alituuliza suali moja tu: "Wazee wangu, kasoro iko kwangu, au iko huko ninakopeleka?"

Usiku ule hatukuwa na la kumjibu. Basi tukaanza kutafuta. Tukawauliza wenye kuajiri, tukawauliza vijana wengine, tukasoma khabari za hizo mbao za matangazo ya kazi zilizomo mtandaoni, namna zilivyoanza na namna zinavyopata riziki yao. Haya tuyaandikayo ni jawabu lake, na kwa kuwa nyumba nyingi za Waislamu leo zina kijana wa namna hiyo, tumeona si vibaya likasomwa na wote.

Hapo zamani mwenye nafasi ya kazi alikuwa na njia mbili. Ama alimwambia mtu, na mtu akamwambia mtu, mpaka khabari ikamfikia mwenye haja. Ama alililipa gazeti likamchapia tangazo dogo. Mwaka 1994, huko Marekani, ulianzishwa ubao ulioitwa The Monster Board, na kazi yake ilikuwa ni hiyo hiyo ya gazeti, ila imehamishiwa katika mtandao. Mwajiri alilipa ada, tangazo likatundikwa, na dalali akawa amemaliza shughuli yake. Aje mtu, asije mtu, ada imekwisha liwa. Wala hapakuwa na manung'uniko makubwa, maana siku zile haja ya mwajiri ilikuwa moja tu: watu wengi wasikie.

Mwaka 2003 ukaja LinkedIn, ambamo mtu huandika mwenyewe khabari zake, elimu yake na kazi alizozifanya, na mwajiri akawa aweza kumtafuta hata kama hakuomba. Mwaka 2004 ukaja Indeed, ambao haukungoja kuletewa matangazo, bali uliyakusanya kutoka kila pembe ya mtandao, ukayaweka mahali pamoja, na ukamtoza mwajiri kwa kila mara tangazo lake linapobonyezwa. Na yule mkubwa wao Monster, je? Mwaka 2024 aliungana na mwenziwe CareerBuilder, na mwezi wa Juni 2025 wakaingia mahakamani pamoja kwa kufilisika. Watu hawakuwa wameacha kutafuta kazi, wala waajiri hawakuacha kutafuta watu. Sisi twaona kwamba haja ya waajiri ilikuwa imegeuka, na wao wakabaki wakiuza bidhaa ya jana.

Imegeuka vipi? Leo kijana aweza kuomba kazi kwa kubonyeza mara moja, na akili bandia ikamwandikia barua ya maombi kwa nukta chache. Mwaka 2025 ilitangazwa kwamba LinkedIn peke yake hupokea, kwa wastani, maombi 11,000 katika kila dakika moja. Na huku kwetu Tanzania, mwaka huo huo, Mamlaka ya Mapato ilitangaza nafasi 1,596, na walioomba wakazidi 135,000, yaani takriban watu 85 kwa kila nafasi. Basi mwajiri wa leo hana shida ya wingi wa watu. Shida yake ni kumtambua aliye mkweli katika wingi huo. Mwenye duka mmoja wa vifaa vya umeme alitwambia kwamba aliweka tangazo la karani mmoja tu, akapata maombi zaidi ya 300 kwa siku mbili, na barua nyingi zilikuwa zimefanana kama vibao vya watoto wa chuoni walionakili aya moja. Akayaacha yote, akamwajiri mpwa wa jirani yake.

Tusimlaumu haraka mwenye duka huyu. Alitaka mtu ambaye angeweza kumwachia ufunguo, na ubao ukampa barua 300. Lakini tazameni nani aliyeumia. Mpwa wa jirani alipata, na wale mia tatu, ambao pengine miongoni mwao walikuwamo kumi walio bora kuliko yeye, hawakusomwa hata mmoja. Ubao wa kazi ukishindwa kumpa mwajiri mtu wa kuaminika, mwajiri hurudi kwenye kujuana. Na kijana asiye na mjomba mwenye cheo, mtoto wa mvuvi au wa mama muuza vitumbua, ndiye anayebaki nje ya mlango. Kwa ajili hiyo khabari ya mbao hizi si ya matajiri na wataalamu wa kompyuta peke yao. Ni khabari ya nyumba zetu.

Waajiri wakubwa wao hawakurudi kwa wapwa. Wameweka mashine zichuje. Mashine husoma maombi yote, ikayatupa yale yasiyokuwa na maneno iliyoagizwa iyatafute. Mwaka 2021 Chuo cha Biashara cha Harvard pamoja na kampuni ya Accenture walitoa uchunguzi wao juu ya jambo hili, na waajiri 88 katika kila 100 waliohojiwa walikiri kwamba watu wenye ujuzi hasa hutupwa nje kwa sababu hawakulingana neno kwa neno na masharti yaliyoandikwa. Na kampuni ya Amazon ilijaribu kutengeneza mashine yake ya kuchagua watu, ikaifundisha kwa maombi ya miaka ya nyuma ambayo mengi yalikuwa ya wanaume. Mashine ikajifunza kuwashusha wanawake. Ikiona neno la wanawake katika wasifu hupunguza daraja. Kampuni ikaiacha, na khabari zake zikatoka magazetini mwaka 2018. Wenye mabinti waliosoma na wazingatie hilo. Mashine haina chuki, lakini hurithi chuki ya waliomtangulia mwajiri.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo sisi Waislamu tuna la kusema zaidi. Ubao wa kazi ni nini hasa? Ni dalali. Amesimama baina ya mwenye kazi na mwenye kutaka kazi, naye hula kwa kuwakutanisha. Na dalali si mgeni katika dini yetu. Qays bin Abi Gharaza (R.A.) amepokea kwamba wao walikuwa wakiitwa madalali katika zama za Mtume (S.A.W.), naye akawapitia sokoni, akawaita kwa jina lililo zuri kuliko hilo, akawaita wafanya biashara, kisha akawausia waichanganye biashara yao na sadaka, kwani biashara haikosi maneno ya upuuzi na viapo. Kwa hivyo udalali haukuharamishwa. Ulisafishwa na kutiwa adabu.

Na wanavyuoni wa Kishafii, ambao ndio wengi tunaowafuata katika pwani hii, wamepambanua malipo ya mtu kwa namna mbili zilizo maarufu. Kuna ijara, ambapo mtu hulipwa kwa kazi maalumu iliyojulikana, na kuna juala, ambapo mtu huahidiwa malipo akitimiza jambo, na asipolitimiza hana kitu. Mfano wa juala umo katika Surat Yusuf, pale alipoahidiwa shehena ya ngamia mmoja yule atakayekileta kikombe cha mfalme kilichopotea. Atakayekileta apewe; aliyezunguka siku nzima asikipate, hapewi.

Zitazameni mbao za kazi kwa jicho hili, mtaona mengi. Ubao unaotoza ada ya kutundika tangazo haujali nani atakuja. Ubao unaotoza kwa kila anayebonyeza wapenda umati, maana kila mpita njia aliyechungulia ni senti, hata kama hajui kazi yenyewe ni ya nini. Umati ule ule uliomkimbiza mwenye duka wetu ndio faida ya dalali! Dalali analipwa kwa kitu ambacho mwajiri hakitaki tena, kisha tunashangaa kwamba soko limeharibika. Kama mbao hizi zataka kuendana na haja mpya ya waajiri, basi kwa maoni yetu zianze hapo, katika malipo. Zilipwe sehemu kubwa pale mtu anapopatikana na kuajiriwa, kwa njia ya juala. Tena, kwa kuwa dalali wa juala naye huwa na haraka ya kusukuma mtu yeyote ili alipwe, fungu moja la malipo lingoje mpaka mwajiriwa awe amekaa kazini miezi mitatu na pande zote mbili zimeridhika. Huku Afrika Mashariki mbao kama BrighterMonday na Fuzu zimekwisha anza kuuza huduma za kuwapima na kuwachuja waombaji badala ya tangazo tupu, na hiyo ni hatua ya kwenda mbele.

Jambo la pili ni matangazo ya uongo, na hapa hatuwasemi matapeli bado, twawasema watu wenye heshima zao. Kuna makampuni hutangaza nafasi ambazo hazipo. Moja hutaka ionekane inakua, nyingine hukusanya majina ya akiba, nyingine imekwisha mpata mtu zamani lakini hakuna aliyejali kuliondoa tangazo. Mtume (S.A.W.) amekataza najashi, nayo ni mtu kupandisha bei ya kitu sokoni ilhali hana nia ya kukinunua, ila ataka kuwaghuri wengine. Mwenye kutangaza kazi asiyokuwa na nia ya kuitoa ana tofauti gani naye? Kijana huacha shughuli zake, hununua bando la intaneti kwa fedha ya mama yake, hutoa nakala za vyeti, yote kwa ajili ya kitu kisichokuwapo. Jimbo la Ontario huko Kanada limeliona hilo. Tangu tarehe 1 Januari 2026 waajiri wenye wafanyakazi 25 na zaidi wanalazimishwa kusema katika tangazo kama nafasi ipo kweli, kutaja mshahara kwa kazi nyingi, na kusema kama akili bandia hutumika katika kuchuja. Na aliyekwisha hojiwa ajulishwe ndani ya siku 45 kama uamuzi umefanywa. Hawa si Waislamu, lakini haki wameitambua. Ubao wa kwetu hauhitaji kungoja sheria. Waweza leo kuweka kanuni kwamba tangazo lisilothibitishwa tena na mwenyewe baada ya siku 30 hujiondoa lenyewe.

Na hilo la mshahara tusilipite. Matangazo mengi ya kwetu hayataji ujira. Husema mshahara mnono, au husema ni wa maelewano. Mafakihi wetu wameshurutisha katika ijara kwamba ujira ujulikane na kazi ijulikane, wala hawakufanya hivyo kwa kupenda masharti. Walijua kwamba penye giza hapo ndipo mnyonge anapodhulumiwa. Na mwajiri anayeficha ujira hujidhulumu pia, kwani huwahoji watu ishirini, kumi na watano wakakataa baada ya kuusikia.

Twende kwenye haja kubwa ya waajiri wa zama hizi, nayo ni kuujua ujuzi wenyewe badala ya karatasi. Wengi wamechoka na vyeti. Mwezi wa Machi 2022 jimbo la Maryland huko Marekani liliondoa sharti la shahada ya miaka minne katika maelfu ya kazi za serikali, na baadaye majimbo na makampuni mengi yakatangaza kufanya hivyo hivyo. Lakini kutangaza ni rahisi. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2024 na taasisi ya Burning Glass pamoja na Harvard ulionyesha kwamba nafasi walizozipata watu kwa sababu ya mageuzi hayo hazikufika hata moja katika kila watu 700 walioajiriwa. Sababu yake ni wazi kwetu. Mwajiri ameambiwa asitazame shahada, lakini hakupewa kitu kingine cha kutazama.

Hapa Qurani ina visa viwili, na kila tukivikumbuka twaona kama vimeteremka kwa ajili ya jambo hili. Nabii Musa (A.S.) alifika Madyan akiwa mkimbizi, hana cheti wala mtu anayemjua. Aliwakuta mabinti wawili wamezuiwa na wanyama wao mbali na kisima, akawanyweshea, kisha akajiondokea kivulini. Binti mmoja ndiye aliyemshauri babake amwajiri, akazitaja sifa mbili, nguvu na uaminifu, naye alizitaja kwa sababu alimwona akifanya kazi. Na mkataba ukawa wazi: miaka minane, na akipenda kutimiza kumi ni hiari yake. Ama Nabii Yusuf (A.S.), yeye aliomba mwenyewe awekwe juu ya hazina za nchi, akazitaja sifa zake mbili, kuhifadhi na kujua. Lakini hakuomba hivi hivi. Mfalme alikuwa amekwisha yasikia maelezo yake juu ya miaka saba ya neema na miaka saba ya ukame, na usafi wake ulikuwa umekwisha thibitishwa. Wote wawili kazi yao ilitangulia maneno yao.

Ubao wa kazi unaotaka kumfaa mwajiri wa leo na uweke mahali pa kazi kutangulia maneno. Fundi cherehani apige picha nguo alizoshona. Dereva aonyeshe leseni yake na miaka aliyoendesha pasipo ajali. Karani apewe hesabu ndogo ya nusu saa aifanye pale pale. Na pawe na mdhamini, mtu mmoja aliyemwona akifanya, ambaye ubao umempigia simu na kumsikia. Katika vikundi vya WhatsApp vya mitaa yetu, ambavyo kwa kweli ndivyo mbao za kazi za watu wengi, udhamini huu hufanyika kila siku bila ya jina: mtu huandika kwamba huyu namjua, alinijengea ukuta, ni mwaminifu. Mbao kubwa zina fedha na mitambo lakini zimelikosa neno hilo moja.

Limebaki la matapeli, nalo ni la khatari. Tangu mwaka 2022 vijana wa Kenya na wa nchi jirani wameitikia matangazo ya kazi za Thailand, za mauzo na za kuwahudumia wateja, yenye mishahara ya kuvutia, kisha wakavushwa mpaka Myanmar, wakafungiwa katika majumba, wakilazimishwa kuwatapeli watu wa mbali kwa kompyuta. Mapema mwaka 2025 maelfu ya watu wa mataifa mbalimbali walitolewa humo, Wakenya wakiwamo. Ubao uliobeba tangazo kama lile bila ya kuuliza uko wapi mlango wa mwajiri hauwezi kusema kwamba ulikuwa ukuta tu uliobandikwa karatasi. Dalali huulizwa.

Kumthibitisha mwajiri si jambo la muujiza. Kampuni za Tanzania husajiliwa BRELA; mawakala wa kazi za nje wa Kenya husajiliwa na Mamlaka ya Taifa ya Ajira, na orodha yao hutazamika; mikataba ya watumishi wa nyumbani wanaokwenda Saudi Arabia hupitia mtandao wa serikali yao uitwao Musaned. Mkataba nambari 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, umeweka kanuni kwamba mawakala wasimtoze fedha mtafuta kazi. Basi wazazi wetu, mkiona tangazo linataka ada ya usaili, au fedha ya sare, au ya kipimo cha afya itumwe kwa simu kabla mtu hajaonana na mtu, zuieni fedha yenu. Na pasi asimpe mtu aishike.

Nanyi vijana mna sehemu yenu. Mtume (S.A.W.) alipita sokoni akatia mkono katika rundo la nafaka, vidole vikakuta maji ndani, na mwenyewe akasema imenyeshewa na mvua. Akamuuliza kwa nini hakuiweka juu watu wakaiona, akamwonya kwamba mwenye kughushi si katika sisi. Wasifu ulioandikwa na akili bandia, wenye ujuzi ambao mwenyewe hana, ni rundo kavu juu na bichi ndani. Na mwajiri siku hizi ana desturi ya kutia mkono.

Tulimwita kijana wetu tukausoma wasifu wake. Ulikuwa wa maneno makubwa ya kukopa, na hapakuwa na hata mstari mmoja wa kazi. Tukamuuliza, si wewe uliyeshika daftari la fedha za madrasa miaka mitatu, michango, mishahara ya walimu, na deni la bati? Akasema naam, lakini hakudhani kwamba ile ni kazi. Tukamwambia aiandike, na mwalimu mkuu akakubali awe mdhamini na kupokea simu. Akapeleka maombi sita tu, kila moja kwa barua aliyoiandika mwenyewe.

Ameanza mwanzo wa mwezi huu kwa muuza saruji na mabati wa jumla, kwa majaribio ya miezi mitatu, na mshahara ulitajwa siku ya kwanza. Tangazo la nafasi ile bado lipo ubaoni, nasi tumelitazama jana usiku. Watu 214 wamekwisha liomba, na hesabu yaendelea kupanda.